Laki Tano Mfukoni, na Kilichomo Ndani

 

Juzi jioni pale Kakola, karibu na mgodi wa Bulyanhulu, kijana mmoja alinisimamisha kando ya barabara. Ana shilingi laki tano. Amezipata kwa kupakia na kupakua mawe kwenye makarasha, na hataki mwaka mwingine umkute katika vumbi lile. Anataka kufungua steshenari ndogo: kuchapa barua za maombi ya kazi, kutoa picha za pasipoti, kuwajazia wenzake fomu za mkopo wa elimu ya juu na za Ajira Portal. Printa ameahidiwa na mjomba wake. Kilichobaki ni kompyuta. Akaniuliza, "Kaka, ninunue ipi?"

Nilimwambia nitamjibu hapa redioni, maana swali hilo hilo nimeulizwa na mwalimu wa shule ya msingi, nikaulizwa na katibu wa kikoba, na wiki iliyopita nimeulizwa na mama mmoja mwenye kampuni ndogo ya usafi anayetaka kuomba zabuni za halmashauri kule Ntobo. Zabuni za serikali siku hizi zinapita kwenye mfumo wa NeST. Bila kompyuta utabaki kuzisikia kwa watu. Na laki tano kwa mtu wa huku ni fedha ya jasho. Akikosea mara moja, hana nyingine ya kurudia.

Sasa, sisi watu wa Bulyanhulu tuna somo letu ambalo nchi nzima ililisoma kupitia kwetu. Machi 2017 serikali ilipopiga marufuku kusafirisha makinikia, yaani mchanga wa madini, nje ya nchi, kontena 277 zilikwama bandarini Dar es Salaam, na makinikia yale yalitoka kwenye mgodi wetu huu na kwa jirani zetu wa Buzwagi. Mnakumbuka jinsi kila mtu, hata ambaye hajawahi kuona jiwe la dhahabu, alivyouliza swali moja tu: ndani kuna nini? Kwa nje kontena zinafanana, na karatasi zinasema hili na lile. Ukitaka kujua, lazima ufungue, upime.

Kompyuta nayo ni hivyo hivyo. Na ninalisema hili kwa uchungu, kwa sababu laptopu yangu ya kwanza niliinunua bila kuuliza swali hilo. Niliinunua mpya kabisa, imo ndani ya boksi, na nailoni yake. Nyembamba, nyepesi, inang'aa. Muuzaji aliiwasha, ikawaka, nikalipa. Ndani yake, kumbe, ilikuwa na hifadhi ya GB 32 tu na RAM ya GB 2, vyote vimelehemiwa kwenye ubao. Windows peke yake ilikuwa imeshakula sehemu kubwa ya nafasi ile. Miezi michache baadaye ikaanza kukataa kujisasisha kwa kukosa mahali. Nikifungua barua pepe na faili moja la Word, inaganda. Nikaipeleka kwa fundi mjini Kahama. Akaifungua, akaitazama, akaifunga. Akasema, "Kaka, hapa hakuna cha kuongeza." Niliuza mbuzi wawili kununua mashine ile.

Kwa hiyo, mdogo wangu, jibu langu ni hili: kwa laki tano usinunue mpya. Nunua iliyotumika, iliyokuwa ya ofisi, na inayofunguka.

Niieleze kidogo hiyo "iliyokuwa ya ofisi". Makampuni ya Ulaya na Marekani hununua kompyuta mamia kwa mamia kwa ajili ya wafanyakazi wao, na baada ya miaka mitatu minne mitano huziondoa zote kwa pamoja. Ndizo hizi zinazofika Kariakoo, nyingi zikipitia Dubai, kisha zikapanda mabasi mpaka Kahama. Tafuta majina haya: Dell Latitude, HP EliteBook, Lenovo ThinkPad. ThinkPad ilianza na IBM mwaka 1992, ikaingia mikononi mwa Lenovo mwaka 2005. Mashine hizi zilitengenezewa ofisi zenye mafundi wao, na fundi hawezi kuhudumia mashine mia tano zisizofunguka. Ndiyo maana nyingi mfuniko wake wa chini unatoka kwa bisibisi ya nyota, diski inachomoka, RAM inachomoka, betri inabadilishwa, na watengenezaji wenyewe wameweka vitabu vya ufundi kwenye intaneti bure. Fundi wako wa Kahama anaweza kupakua kitabu chote kwenye simu na kukifuata hatua kwa hatua.

Tahadhari: jina la kampuni peke yake halitoshi. Kampuni hizo hizo hutengeneza pia mashine nafuu za nyumbani, na hizo ni ndugu wa ile iliyonimezea mbuzi wangu. Na hata katika zile za ofisi, baadhi ya zile nyembamba sana RAM yake imelehemiwa. Uliza kabla ya kutoa fedha.

Tuje ndani sasa. Muuzaji atakwambia, "Hii ni Core i7, chukua." Watu wakisikia i7 wanalegea. Usilegee. Geuza macho kwenye namba inayofuata baada ya kistari. Ikiwa na tarakimu nne zisizoanza na 1, ile ya kwanza ndiyo kizazi cha prosesa. Ikiwa tano, au nne zinazoanza na 1, ni zile mbili za kwanza. Mfano: i7-4600U ni kizazi cha nne, ya mwaka 2013, na ina viini viwili tu vya kufanya kazi. i5-8250U ni kizazi cha nane, ya mwaka 2017, na ina viini vinne. Hiyo i5 inaiacha ile i7 mbali, ingawa kwa jina inaonekana mdogo wake. Muuzaji mwema atakueleza mwenyewe. Mwingine ataacha namba ikae kimya.

Kizazi cha nane kina faida nyingine, na hapa nisikilize vizuri. Windows 11 ilitoka Oktoba 2021, na Microsoft ikaweka sharti: kwa prosesa za Intel, kuanzia kizazi cha nane kwenda mbele, isipokuwa chache sana. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, maana yake viraka vya kawaida vya usalama vimekoma. Hilo limewafanya wenye ofisi kubwa duniani kuziondoa mashine za kizazi cha sita na cha saba kwa wingi, na ndizo utakazokuta zimepangwa madukani kwa bei ya kuvutia. Si mbovu. Zitawaka, zitachapa, zitaperuzi. Lakini mtu akikuuzia ya kizazi cha sita akakwambia "nimeshakuwekea Windows 11", jua ameilazimisha, na Microsoft haikuahidi kuihudumia mashine hiyo.

Basi ukipata ya kizazi cha nane ndani ya laki tano, hata kama mgongo una mikwaruzo na herufi mbili za kibodi zimefifia, ichukue hiyo. Ukiikosa, ya kizazi cha sita au cha saba yenye RAM nzuri bado itakulisha, ila uiwekee Linux Mint, ambayo ni ya bure na inaendelea kupata viraka. Najua unaogopa jina geni. Ajira Portal, NeST, mfumo wa Bodi ya Mikopo, vyote unavifungulia kwenye kivinjari, na kivinjari ni kile kile. Kwa kuchapa barua kuna LibreOffice. Nikuambie ukweli, mteja akikuletea faili la Word lenye majedwali mengi, mara nyingine mistari itahama kidogo, utaipanga upya. Ila LibreOffice ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya Kiswahili iliyotokana na OpenOffice, mzazi wa LibreOffice. Wengi wetu tuliisahau. Mimi bado hufurahi kuchapa ukurasa wa Kiswahili bila kuona kila neno limepigiwa mstari mwekundu kama kosa.

RAM: GB 8, usishuke hapo. GB 4 itawasha Windows, halafu itaanza kukuchelewesha wateja wakiwa wamesimama. Ikiwa mashine ina 4 na nafasi ya kuongeza, piga hesabu ya kuongeza ndani ya laki tano yako, usiseme nitaongeza baadaye.

Hifadhi iwe SSD, na GB 256 zinakutosha. Kisa cha SSD huku kwetu si kasi peke yake. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Sasa chukua mashine hiyo ikiwa imewaka, itie kwenye begi mgongoni, panda bodaboda kutoka Kakola mpaka Bugarama. Kila shimo ni kofi. SSD haina kinachozunguka; mitikisiko ya bodaboda haiisumbui.

Wanaofanya video za harusi, leo siwagusi. Kazi yenu inataka mashine nyingine na fedha nyingine.

Mwalimu wangu, wewe najua una kishikwambi. Vile vilivyotumika kwenye sensa ya Agosti 2022 vilipelekwa kwenye elimu. Kwa kusoma na kujaza taarifa kinafaa. Kwa kutunga mtihani wa kurasa sita wenye michoro, utaumia vidole. Kama shule ina kompyuta moja ya kushirikiana, jaribu hiyo kwanza kabla hujakopa.

Kuna atakayesema, kwa steshenari si bora kompyuta ya mezani? Kwa bei ile ile unapata yenye nguvu zaidi, na kuifungua ni rahisi kuliko zote. Ni kweli kabisa, na kama uko mahali umeme unatulia ningekutuma huko. Lakini umeme ukikatika, ya mezani inazima na barua ya mteja iliyokuwa haijahifadhiwa. Laptopu ina betri yake. Tena tazama matumizi: laptopu ya ofisi ikichapa tu hula wati 25 hivi. Kwa kiwango hicho uniti moja ya LUKU inaiendesha saa 40. Ya mezani pamoja na skrini yake, ikila wati 100, uniti hiyo hiyo ni saa 10. Mtu wa sola atanielewa haraka zaidi. Ila printa ya leza usiiunge kwenye inveta ndogo, maana inapopasha moto huvuta mamia ya wati kwa mpigo. Chapa karatasi umeme ukiwepo, maandishi yaandike wakati wowote.

Umeme unaporudi ndipo huua. Chomoa chaja unapokatika, au tumia kile kifaa cha kulinda umeme tunachofungia friji. Na chaja yenyewe soma maandishi yake: iseme inapokea volti 100 hadi 240, na wati zake zilingane na zinazotakiwa na mashine. Chaja ya kubahatisha imeharibu laptopu nyingi nzuri.

Vumbi halihitaji maelezo kwa mtu wa Kakola. Kiangazi likishika, Juni mpaka Septemba, utalifuta asubuhi na saa nne limerudi. Laptopu ina feni inayovuta hewa kwa chini au ubavuni, na hewa yetu inaingia na udongo wake. Udongo ukiziba, joto linapanda, prosesa inajipunguza kasi ili isiungue, na wewe unadhani mashine imezeeka. Mpelekee fundi aipulize kila baada ya miezi mitatu au minne. Hapo ndipo utakapoona thamani ya mfuniko unaofunguka kwa bisibisi. Usiiweke juu ya kitanda wala juu ya kanga iliyokunjwa. Jioni ifunike.

Na jambo ambalo wengi hawalitazami mpaka wamefika nyumbani: kibodi. Mashine zilizotoka Ujerumani, Z na Y zimebadilishana mahali. Zilizotoka Ufaransa, A iko pale tunapoizoea Q. Wewe unachapa Kiswahili, mdogo wangu. Hakuna herufi tunayoipiga zaidi ya A, na Y na Z zimo kila mstari: kazi, zaidi, yangu, yao. Unaweza kubadilisha mpangilio kwenye mipangilio ya mashine, lakini maandishi ya juu ya vitufe yatabaki ya kigeni, na msaidizi wako anayetazama vidole atakosea kila neno. Kazi ya steshenari inalipwa kwa ukurasa.

Twende dukani sasa. Mnunuzi wa dhahabu hachukui neno la muuza mawe. Anachukua kipande, anakiponda, anakisafisha kwenye karai, anatazama kinachobaki. Huko hakuna anayekasirika kwa kupimiwa. Dukani kwa kompyuta pia usione haya, na muuzaji anayekukataza kupima ameshakujibu.

Izime kabisa, uiwashe mwenyewe. Inapowaka tu, jaribu kuingia kwenye mipangilio ya ndani: kwa Dell bonyeza F2, kwa HP F10, kwa ThinkPad F1. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji hana, irudishe. Kisha iunganishe na intaneti kwa bando la simu yako na umwombe aianzishe upya kama mpya mbele yako. Kuna mashine ambazo kampuni ya zamani bado inazishika kwa mbali. Zikiona intaneti tu wakati wa kuanza, zinatangaza kuwa ni mali ya kampuni fulani na kudai akaunti ya mfanyakazi wake. Hiyo usiichukue hata kwa laki moja. Labda ilisahaulika kufutwa, labda iliibwa. Wewe hutaki kuwa sehemu ya habari hiyo. Dai risiti ya EFD yenye namba ya mashine.

Betri nayo ina shahada yake. Fungua dirisha jeusi la amri, andika powercfg, acha nafasi, weka mkwaju, kisha batteryreport kama neno moja, yaani powercfg /batteryreport. Itakutengenezea ukurasa wenye namba mbili: uwezo iliyozaliwa nao, na uwezo unaojaa leo. Ikiwa ya kwanza ni 50,000 na ya pili 30,000, betri imebaki na asilimia 60, na hapo ndipo mnapozungumza bei. Chini ya nusu, hesabu kwamba utanunua nyingine.

Bonyeza kila kitufe. Fungua na ufunge mfuniko polepole ukisikiliza bawaba. Weka skrini nyeupe utafute madoa, kisha nyeusi. Chomeka fleshi kwenye kila tundu.

Nimetaja fleshi, nami siwezi kuondoka bila kusema hili. Mashine ya steshenari hupokea fleshi za watu hamsini kwa siku, na virusi hupenda huko. Mafaili ya mteja yanajificha, vinabaki vinjia vya mkato, mtu analia vyeti vyake vimepotea. Windows ya wizi iliyopachikwa kwa programu za kuvunja kufuli huja mara nyingi na mlango wazi. Na ndani ya kompyuta yako zitakaa nakala za vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kidato cha nne, barua za wagonjwa, hati za mirathi. Watu wa Kakola watakukabidhi maisha yao kwa shilingi mia tano. Ukimaliza kuchapa, futa, na ufute hata kwenye pipa la taka. Kompyuta iwe na nenosiri. Usiache faili la mtu limefunguka anayefuata akalisoma. Hili halina bei, na ningefurahi kuona limeandikwa ukutani mwa kila steshenari kutoka hapa mpaka Geita.

Jumamosi nitakwenda Kahama na kijana wangu. Tumekubaliana tubebe fleshi mbili, bisibisi ndogo ya nyota, simu yenye bando, na fundi atatukuta huko. Tutazunguka maduka matatu kabla hajatoa noti. Na akipata iliyompendeza, chaja itachomolewa, atakaa kwenye stuli ya dukani, ataandika barua nzima ya maombi ya kazi kuanzia anuani mpaka "wako mtiifu", bila haraka, huku mimi na fundi tunakunywa chai mlangoni na kumsubiri.